Fremu ipi nichague: yenye nafasi 4 za kuegesha au yenye 40 za pamoja?

Swali: Ninatarajia kufungua duka la rangi na vifaa vya ujenzi, na nimepata fremu mbili zenye kodi inayolingana. Moja iko kando ya barabara kuu, na mbele yake kuna nafasi 4 za kuegesha zilizo wazi kwa yeyote. Nyingine iko katika jengo lenye nafasi 40 zinazotumiwa na wapangaji wote. Ipi inafaa?

Jibu: Idadi ya nafasi peke yake haitoshi kukupa uamuzi. Linalokuhusu ni nafasi ngapi huwa wazi katika saa ambayo wateja wako wanakuja, na hilo hutegemea muda ambao kila gari hukaa. Nafasi moja inayotumiwa na wateja wanaokaa nusu saa inaweza kupokea hadi magari 16 katika saa 8 za kazi, ilhali gari la mfanyakazi likiegeshwa hapo asubuhi, limeifunga nafasi hiyo hadi jioni.

Kadiria kwanza mahitaji yako. Tuseme katika saa yenye pilikapilika nyingi unatarajia wateja 24 wenye magari, na kila mmoja anakaa dakika 20 akichagua rangi, akilipa na kupakia. Zidisha 24 kwa 20, kisha gawanya kwa 60: kwa wastani magari 8 yatakuwapo kwa wakati mmoja. Wataalamu wa usafiri huchukulia kwamba maegesho yakishajaa kupita asilimia 85 hivi, dereva huanza kuzunguka akitafuta pa kuegesha, na wengine huenda zao. Kwa hiyo gawanya 8 kwa 0.85, upate takribani nafasi 10. Zile 4 za barabarani hazitoshi, hata zingekuwa zako peke yako.

Hata hivyo, usiziamini 40 kabla ya kuzichunguza. Nenda siku ya kazi na siku ya mapumziko, na kila baada ya dakika 15 andika tarakimu za mwisho za namba ya kila gari lililoegeshwa. Namba zinazojirudia tangu asubuhi ni za wafanyakazi wa ofisi za jengo hilo, na nafasi zao uzitoe katika hesabu yako. Angalia pia kama lori la kushusha mzigo lina mahali pa kusimama bila kuziba njia ya kutokea.

Ni kweli kwamba wafanyabiashara wengi hukuza mno umuhimu wa gari: katika uchunguzi uliofanywa mjini Bristol, Uingereza, wenye maduka walidhani asilimia 41 ya wateja wao huja kwa gari, kumbe walikuwa asilimia 22 tu. Kwa duka la vitabu au la dawa ningelipa jambo hilo uzito mkubwa na pengine kukushauri ubaki barabarani. Lakini anayenunua ndoo za rangi na mifuko ya saruji hawezi kuibeba mkononi, na ndiyo maana ninaelekea kwenye fremu ya pili, mradi uchunguzi wako uoneshe nafasi zisizopungua 10 zilizo wazi katika saa yako ya pilikapilika.

Kabla ya kutia saini, mwombe mwenye jengo aandike ndani ya mkataba wa pango nafasi kadhaa zilizo karibu na mlango wako ziwe za wateja, zenye kikomo cha dakika 30, na ataje nani atakayekisimamia. Ahadi ya mdomo haitakusaidia atakapoingia mpangaji mpya mwenye wafanyakazi wengi.