Maswali ya Wasomaji: Gari Linatetemeka Likiwa Kwenye D

SWALI: Ninamiliki Toyota IST yenye injini ya lita 1.3. Kwa miezi miwili sasa, kila ninaposimama kwenye taa za barabarani gia ya otomatiki ikiwa kwenye D (ya kwenda mbele), usukani na kiti hutetemeka, na nikitia gia ya nyuma husikia kitu kikigonga mara moja huko mbele. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe plagi. Mwingine anasema mauntingi za injini zimekatika, naye amejitolea kuzishindilia vipande vya mpira wa tairi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa dalili ulizozieleza, fundi wa pili ameutambua ugonjwa, lakini dawa yake siiafiki hata kidogo.

Katika magari madogo kama lako, injini hulazwa kwa upana wa gari ikiwa imeunganishwa na gia boksi, na mzigo wote huo hubebwa na mauntingi chache tu: kwa kawaida moja upande wa injini, moja upande wa gia boksi, na nyingine ya kuizuia injini isijipindue mbele na nyuma. Mauntingi ni mpira uliogandishwa kwenye vyuma, nayo imepewa kazi mbili zinazovutana, yaani kuishika injini isihame mahali pake na wakati huohuo kuiachia icheze kidogo ili mtikisiko wake usifike kwenye bodi. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 700 kwa dakika huchoma mafuta takriban mara 23 kila sekunde, na kila mpigo mpira huo hauna budi kuumeza. (Wenye Passo na Vitz za silinda tatu wasishtuke zikitetemeka zaidi kidogo hata mauntingi zikiwa nzima, ndivyo injini hizo zilivyo.)

Ukikanyaga breki gia ikiwa kwenye D, injini husukuma magurudumu yaliyozuiwa, hivyo hujiegemeza upande mmoja, na mauntingi iliyokatika huacha chuma kikutane na chuma. Basi tia N (gia huru): mtetemo ukitulia papo hapo, shuku mauntingi, ukiendelea kwa mdundo usio sawa, ndipo fundi wa plagi na koili (zinazoipa plagi umeme) apewe nafasi. Mtetemo unaotokea tu gari likiwa kwenye mwendo kasi ni habari ya magurudumu, si ya mauntingi.

Ili kuthibitisha, fungua boneti, mtu akae ndani akiwa amevuta handibreki na kukanyaga breki kwa nguvu, kisha abadilishe gia kutoka D hadi R (ya nyuma) huku wewe ukitazama injini kutoka ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Kuinama kidogo ni kawaida. Kuruka na kugonga si kawaida. Angalia pia nyufa kwenye mpira, na kama mauntingi ni ya aina iliyojazwa kimiminika, alama za kuvuja.

Vipande vya tairi vitaishika injini, lakini vitaipitisha mitikisiko yote kwenye bodi, na baada ya muda mfupi vitachomoka. Ukiiacha iliyokatika, nayo huzitwisha wenzake mzigo na kuivuta ekzosi kila unapoondoka. Nunua mpya. Za mtumba huvutia kwa bei, ila mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Si lazima ubadilishe zote, bali iliyokufa na yoyote yenye nyufa.

Wakati wa kazi, injini iegemezwe kwa jeki yenye kipande cha ubao, na boliti zikazwe kikamilifu baada tu ya injini kukaa mahali pake bila kuvutwa, la sivyo mpira mpya utaanza maisha ukiwa umejipinda. Kama oili inavuja juu ya injini na kutiririkia mauntingi, uzibe uvujaji huo kwanza, kwa kuwa oili huulainisha mpira na kuuharibu.