Rodi ya erthi ipo, friji bado linapiga shoti: anzia kwenye soketi

Ndugu, umeuliza kwa nini friji linakupiga shoti ukiligusa ukiwa peku, na fundi ameshachimbia rodi ya erthi nje, ile nondo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mimi yalinikuta kwa mashine ya kufulia. Nilipima kati ya bati la mashine na bomba la maji, mita ikasoma volti 108. Nikazima meni swichi, nikahakikisha hakuna umeme, nikafungua soketi. Waya wa erthi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjiwa nyuma, haujafungwa popote. Rodi ilikuwa nzima kabisa huko nje, lakini mashine haikuwa na habari nayo.

Kwa nini 108? Mashine nyingi zina kichujio cha umeme chenye kapasita mbili (vipande vidogo vinavyopitisha umeme kidogo), moja inatoka kwenye laini (waya unaoleta umeme) na nyingine kwenye nyutro (waya unaourudisha), zinakutana kwenye bati. Erthi ikikatika, bati linabaki na karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unawashwa tu. Siku laini ikichubuka na kugusa bati, utakutana na 230 kamili na breka itakaa kimya.

Na hata waya ukiwa umefungwa vizuri, rodi peke yake haitoshi. Tuseme njia ya kupitia udongoni ina ukinzani wa omu 50. Gawanya 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haiwezi kukata kwa hizo. Inayookoa maisha hapo ni RCD ya miliampea 30, swichi ya kukata umeme unaovuja: inalinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, ukipotea njiani inakata. Bonyeza kitufe chake cha kujaribia mara kwa mara, ila jua kwamba kinajaribu RCD yenyewe tu. Kitafanya kazi hata kama nyumba haina erthi kabisa, na wengi wanadanganyika hapo.

Mabomba ya chuma ya maji na gesi nayo yafungwe kwa waya mnene kwenye baa kuu ya erthi, kile kipande cha metali zinapokutana waya zote za erthi. Milimita za mraba 10 hutumika sana. Umeme unapita mwilini pale mkono mmoja unapogusa volti tofauti na mwingine. Bomba na hita vikiwa vimeunganishwa, tofauti hiyo inashuka sana. Bomba la plastiki halihitaji.

Ninachokuomba sana: fundi akitaka kuunganisha erthi na nyutro ndani ya soketi, mkatalie. Shoti itakoma palepale na utamshukuru. Lakini nyutro ikikatika huko nyuma, bati la friji linapata 230 moja kwa moja.

Mwambie azime umeme, apime kutoka tundu la erthi la soketi hiyo mpaka baa kuu. Kwa nyumba ya kawaida isome chini ya omu 1, na uione namba hiyo kwa macho yako kabla hujamlipa.