Kwa Wanaoanza Masomo Katika Chuo Kidogo Mombasa: Wajueni Watu Mapema

Ninyi mnaoanza masomo Septemba hii katika chuo chetu, pamoja na wenzenu mnaoingia vyuo vya kadiri yake huko Ganjoni, Bamburi, Changamwe au Likoni, nawaandikia kama mtu aliyesomea chuo cha aina hiyo na ambaye leo anafundisha humo humo. Chuo chenye wanafunzi mia tatu au mia nne hakiwezi kuwa na ofisi kwa kila haja. Mwalimu wa hesabu za biashara ndiye pia mlezi wa wanafunzi. Karani anayepokea stakabadhi za karo ndiye anayejua ni nyumba ipi ya jirani ina chumba cha kupangisha. Fundi wa chumba cha kompyuta ndiye mwenye ufunguo wa maktaba. Yale ambayo chuo kikubwa huyatekeleza kwa fomu na madirisha ya huduma, hapa hutekelezwa na watu wachache waliobeba kazi nyingi, na asiyewajua watu hao anaweza kukosa haki zake bila ya mtu yeyote kukusudia kumdhulumu. Ndiyo maana nasema kwamba katika wiki zenu za mwanzo, kuwajua watu ni sehemu ya masomo yenyewe.

Wala msidharau udogo huo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mnachokiona Tudor kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, na fedha za kuijenga zilitokana na michango ya Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Naitaja historia hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba kusomesha watu kwa mchango ni desturi ya zamani katika mji huu, na desturi hiyo mtaikuta hai hata katika darasa lenu la watu thelathini.

Mwanzo wa kuwajua watu ni salamu. Wengi wenu mnatoka mahali ambapo mtu mwenye haraka huruhusiwa kuanza na shida yake, lakini Pwani shida hungoja nyuma ya salamu. Nimemwona mwanafunzi mpya akiinamia dirisha la ofisi ya karo na kusema, “Nataka risiti,” akajibiwa, “Subiri hapo,” naye akasubiri hadi adhuhuri. Aliyemfuata alisema, “Shikamoo, mama. Umeamkaje? Samahani, nimekuja kufuatia risiti yangu ya wiki jana,” na daftari likafunguliwa papo hapo. Sisemi kwamba ni haki kumchelewesha mtu kwa sababu ya salamu. Nasema kwamba kwa mwenyeji, aliyeingia bila kusalimu ameonyesha kwamba hakuona mtu pale, ameona dirisha tu. Msalimuni bawabu wa langoni, msalimuni mama wa kantini, msalimuni mzee anayefagia madarasa alfajiri. Mwalimu wa kiume na wa kike waiteni Mwalimu, na msimwite mtu mzima kwa jina lake tupu, hata kama mmezoea kufanya hivyo kwenu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sheria zake ni chache na hazina ubishi. Karo hulipwa benki au kwa M-Pesa kupitia nambari rasmi ya chuo, wala haikabidhiwi mtu mkononi, hata awe nani. Kila risiti ipigwe picha na nakala yake ya karatasi ihifadhiwe, kwa sababu siku ya kutolewa kadi ya mtihani ndiyo siku ambayo malipo ya muhula wa kwanza huonekana hayamo kwenye rekodi. Wanaohitaji mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ambayo huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, waulize mapema kama chuo chao kinahusika, kisha waanze kutafuta wadhamini na nakala za vitambulisho vya wazazi kabla ya tarehe ya mwisho kukaribia. Mzazi aliye Taveta au Garsen hawezi kukutumia karatasi kwa siku moja.

Jambo ambalo ningependa mlichukue kwa uzito zaidi ni kikundi cha kusoma. Vitabu katika chuo kidogo havitoshi. Huenda nakala tano zikagawanywa kwa darasa zima, na mwalimu akawa na vipindi vingi kiasi kwamba hana nafasi ya kumrudia kila asiyeelewa. Kikundi kizuri kina watu wanne hadi sita, kinakutana siku zinazojulikana, na kila mwanachama ana sehemu ya somo anayowafundisha wenzake. Neno la kushika hapo ni kufundisha. Kikundi ambacho watu hukaa pamoja kila mmoja akisoma daftari lake ni kikundi kwa jina tu, na kile ambacho mmoja hufundisha siku zote huku wengine wakinakili kitamchosha huyo mmoja kabla ya muhula kuisha.

Nitawaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Baada ya alasiri, jua linapopunguza ukali na upepo wa baharini kuanza kuingia madirishani, wanafunzi wa uhasibu hubaki katika darasa la mwisho la ghorofa ya kwanza. Mmoja husimama ubaoni kueleza uwekaji hesabu wa pande mbili. Somo limeandikwa kwa Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini yeye hueleza kwa Kiswahili: mwenye duka Marikiti amenunua magunia kumi ya mchele kwa fedha taslimu, basi ni nini kilichoingia na ni nini kilichotoka? Mchele umeingia, kwa hivyo akaunti ya manunuzi inaandikwa upande wa kushoto. Fedha zimetoka, kwa hivyo akaunti ya fedha inaandikwa upande wa kulia. Kisha anauliza: je, angechukua mchele huo kwa mkopo? Hapo ndipo mabishano huanza, na katika mabishano hayo asiyeelewa hujulikana bila ya kuaibishwa, kwa kuwa hata anayefundisha husahihishwa. Wakikubaliana, kila mmoja huandika jibu lake kwa Kiingereza na kubadilishana na jirani yake ili alisome. Nawasihi mshike njia hii ya kuelewa kwanza kwa lugha mnayoiwaza na kuandika baadaye kwa lugha ya mtihani. Nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakikariri sentensi za kitabu kwa muhula mzima kwa sababu walidhani kwamba kuelezana kwa Kiswahili ni uvivu.

Ikiwa chuoni hakuna mahali pa utulivu, mjini kuna maktaba ya umma, ambako mwanafunzi anaweza kukaa kutwa na madaftari yake. Nendeni asubuhi, hasa Februari na Machi, miezi ambayo joto la Mombasa humfanya mtu asinzie juu ya kitabu ifikapo saa nane mchana.

Kuhusu makazi, wengi wenu mtapanga chumba katika nyumba za Kiswahili, zile zenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na choo na bafu la pamoja. Ulizeni habari za maji kabla ya kuuliza kodi. Bomba kubwa la maji kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, lilianza kazi mwaka 1957, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, kwa hivyo si ajabu mifereji kukauka kwa siku kadhaa. Maji ya visima vingi yana chumvi. Yanafaa kuogea na kufulia, lakini ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa madumu kutoka kwa wauzaji wa mikokoteni. Wapangaji wa nyumba moja wenye zamu ya maji iliyoandikwa na kubandikwa ukutani huishi kwa amani. Wasio nayo hugombana. Anayeishi Likoni ajue kwamba anayevuka feri kwa miguu halipi chochote, lakini asubuhi umati ni mkubwa, na mwalimu aliyezoea kusikia neno feri kila wiki huacha kuliamini.

Mwezi wa Ramadhani, ambao huja mapema kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka na hivyo hukutana na vipindi tofauti vya masomo, una adabu zake. Asiyefunga hakatazwi kula, bali hutafuta mahali pa faragha. Karibu na magharibi mtawaona wenzenu wakitandika mkeka uani, mmoja ameleta tende, mwingine kaimati, mwingine viazi vya nazi katika sufuria ya kuazima, na mtaitwa mkae. Kaeni, hata kama si Waislamu. Siku ya pili leteni chochote mlicho nacho, matunda au dumu la maji baridi, kwani ninyi pia ni watu wa mkeka huo. Urafiki mwingi wa chuoni kwetu unaovuka dini na kabila ulianzia hapo, na nauthamini kuliko mikutano mingi iliyoitishwa kwa ajili ya umoja.

Mtajiunga pia na makundi ya watu wa kwenu, wanafunzi wa kutoka Taita, Lamu, Kisii au Kitui, na ni vyema, kwa sababu mgeni anahitaji mtu wa kumwelekeza kwa lugha ya nyumbani. Hata hivyo, wakati wa kuchagua baraza la wanafunzi, msikubali makundi hayo yageuzwe kuwa kambi za kura. Katika chuo kikubwa mshindi na mshindwa wanaweza kumaliza mwaka bila kukutana. Hapa watakaa dawati moja Jumatatu inayofuata. Kwa sababu hiyo hiyo uvumi hapa una madhara makubwa, na siri ya mwenzako ikitoka asubuhi huwa imefika kantini kabla ya chai ya saa nne. Ikitokea mtu mwenye mamlaka akakutaka jambo lisilo la masomo ili akupe alama au huduma, usilibebe peke yako kwa kuogopa uvumi huo. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, mweleze mtu mzima unayemwamini, na mwende pamoja kwa mlezi wa wanafunzi au kwa mkuu wa chuo.

Sasa niseme juu ya michango, ambayo wageni wengi huiona kuwa mzigo. Mwenzetu mmoja wa darasa la umeme alifiwa na babake huko Kinango katikati ya muhula. Kiongozi wa darasa alichukua daftari, akachora safu tatu, jina, kiasi na saini, akatangaza kwamba hakuna kiwango cha lazima. Kila jioni baada ya kipindi cha mwisho daftari lilisomwa kwa sauti na jumla ikatajwa, ili asiwepo wa kunong’ona kuhusu fedha za msiba. Wasiokuwa na hela waliandikwa kwa kazi: wawili kumnakilia mfiwa masomo yote atakayoyakosa, wengine kwenda kusaidia kuchota maji na kupika matangani. Matatu ilikodishwa kwa siku ya maziko, na mwalimu mmoja aliyepanda nayo ndiye aliyesogeza mbele jaribio la wiki ile bila kuombwa. Mfiwa aliporudi alikuta madaftari yake yamejazwa kwa miandiko miwili tofauti. Alifanya mtihani pamoja na darasa lake.

Angalieni mambo mawili katika habari hiyo, kwa maana mtaulizwa kuchangia mara nyingi. Hesabu ilikuwa wazi kila siku, na asiye na fedha alipewa nafasi ya heshima. Mchango ambao msimamizi wake hataki kusoma daftari mbele ya watu, mna haki ya kuuliza juu yake.

Mwisho ni mafunzo kazini, ambayo mtayaendea baada ya mihula kadhaa. Kampuni za uwakala wa forodha, hoteli na karakana za mji huu hupokea maombi mengi, na nyingi hudai barua ya chuo na bima ya ajali kabla ya kumpokea mwanafunzi. Barua huandikwa na mwalimu, na mwalimu wa chuo kidogo huandika anachokijua kwa macho yake: kwamba ulifika saa mbili kasoro, kwamba uliwafundisha wenzako, kwamba uliaminiwa daftari la fedha. Wanafunzi waliotangulia ndio watakaowaambia ni ofisi gani inayompa mwanafunzi kazi ya kweli na ni ipi inayomtuma chai kwa miezi mitatu. Waombeni nambari zao za simu wakiwa bado wako chuoni, mziandike kwenye daftari pamoja na mahali wanakofanya kazi, kwa sababu simu hupotea kwenye matatu na nambari hubadilishwa. Darasa la waliojiunga mwezi wa Mei bado lina wiki tatu kabla ya kuanza mitihani yake, waulizeni sasa.