Maswali Yenu: Makato ya SHA na NSSF

Nina hadiwea ndogo Bondeni, Nakuru, na wafanyakazi watatu. Kila mmoja hulipwa shilingi 20,000, posho ya nyumba ikiwa ndani. Nimkate ngapi, nami niongeze ngapi?

SHA, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, marupurupu yakiwemo: 550. Hizo ni za mfanyakazi peke yake, wewe huongezi kitu. NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 kwake na 6 kwako, 1,200 kila upande, kwa hiyo unapeleka 2,400. Kumkata zote 2,400 ni kosa, na tumeliona mara nyingi mno. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kila upande, yaani 300 na 300. Kodi ya mapato hana, hajafika 24,000.

Tarehe 9 ya mwezi unaofuata isikupite. NSSF hutoza asilimia 5 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Kwa watu wako watatu, 7,200 huzaa faini ya 360. SHA nayo hutoza asilimia 2. Faini hiyo haikatwi kwa mfanyakazi.

Kazi yenyewe ina hatua mbili, na wenye maduka husahau moja. Unapakia orodha kwenye tovuti: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, nambari ya NSSF, mshahara. Kisha mtambo unakupa nambari ya malipo, ndiyo unayolipia. Ukipakia usilipe, deni linabaki pale pale hata kama orodha inaonekana safi.

Hati yangu ya mshahara inaonyesha nimekatwa SHA, lakini hospitali hapa Kisumu imeniambia sijalipiwa. Nifanyeje?

Kukatwa si kulipiwa. Piga *147# uone hali yako, kisha waulize wenzako kazini. Wote wakiwa na tatizo, mwajiri hajapeleka. Ukiwa peke yako, shuku nambari ya kitambulisho: tarakimu moja ikipinduka, pesa haziingii kwako. Omba kuona mstari wako katika orodha iliyolipiwa. Ikiwa pesa zimekaliwa, beba hati zako za mshahara hadi ofisi ya SHA na kwa afisa wa leba. Sheria ya Ajira ya 2007 inahesabu kukata bila kupeleka kuwa kosa la jinai.

Ukiwa huko, hakikisha mke na watoto wameandikwa chini yako. Hawaingii wenyewe kwa sababu tu unakatwa.

Msaidizi wangu wa nyumbani, Butere, namlipa 9,000. Yeye pia?

Yeye pia. Asilimia 2.75 ni 247.50, lakini SHA haishuki chini ya 300, basi ni 300. NSSF, 540 kwake na 540 kwako.