Breki Kwanza: Kwa Anayeanza Kazi ya Bodaboda Mombasa

Wengi wanaoingia katika kazi hii hujifunza kwanza kupenya katikati ya magari, wakidhani kusimama kutakuja kwenyewe. Ningekushauri ugeuze mpangilio huo. Tafuta uwanja mtupu, ufanye mazoezi ya kufunga breki kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kisha 40, mpaka vidole vya mkono wa kulia vizoee kuibana breki ya mbele taratibu na kuikaza kadiri uzito unavyohamia gurudumu la mbele. Breki hiyo, ambayo wanagenzi huiogopa, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Ya nyuma ikikanyagwa kwa nguvu peke yake, gurudumu hufunga na pikipiki ikaanza kuteleza kiubavu. Kwa kilomita 60 kwa saa unakata takriban mita 17 kila sekunde, kwa hivyo kabla mkono haujagusa breki umeshapita urefu wa lori zima la kontena.

Na malori hayo ndiyo ya kuhofiwa zaidi, hasa barabara ya Changamwe hadi Miritini. Ikiwa huuoni uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni, yeye naye hakuoni. Usijipenyeze kushoto kwa lori linalokaribia kona, hata nafasi ikionekana kubwa kiasi gani, kwa kuwa kichwa kikishageuka magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani na nafasi hiyo hufungika nawe ukiwa humo. Tuktuk ni kero ndogo: husimama popote abiria anapoinua mkono, basi zipe nafasi.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huteleza kuliko zinazofuata, kwani huinua mafuta na vumbi lililoganda juu ya lami. Pale Likoni, bamba za chuma za kuingilia feri huweza kuwa zimelowa maji ya bahari hata siku ya jua kali. Pita ukiwa umenyooka, kwa gia ya kwanza, bila kukata usukani wala kushtua breki.

Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye avae helmeti. Akiwa mama aliyevaa buibui, usitie gia kabla hajakusanya pindo lake na kulikalia, kwa sababu kitambaa kinachopepea kikinaswa na mnyororo au spoku humvuta chini kabla hujasikia akipiga ukelele.