Kabla Hujafunga Sanduku: Wiki za Mwisho za Muhula wa Ujerumani

Wadogo zangu wa vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro mliopata nafasi ya muhula mmoja Ujerumani, hongereni. Habari za kufika mtaelezwa na kila mtu: viza, tiketi, soksi nzito. Mimi nataka tuzungumze habari za kuondoka, kwa sababu hazisemwi sana na ndiko wengi wanakoumia. Kila jambo linalohitaji sahihi yako, uso wako au muhuri wa ofisi ya kule, limalize ukiwa kule kule. Shughuli ya dakika kumi dirishani ikikufuata hadi Kisumu, inakuwa ya barua pepe za miezi.

Anza wiki sita kabla ya tarehe ya tiketi. Muhula wa kiangazi huanza Aprili, na mihadhara huisha katikati ya Julai. Mitihani ikipita tu, wahadhiri wanatawanyika likizoni, na Agosti unaweza kugonga mlango baada ya mlango usiitikiwe. Jua la Julai nalo linazama kama saa tatu na nusu usiku. Sisi tuliozoea giza la saa moja tunadhani siku bado ingali mbichi, kumbe ofisi tunayoitafuta imefungwa tangu saa sita mchana. Saa za kuona wanafunzi hubandikwa mlangoni au kwenye tovuti ya idara. Zinakili mapema na uweke miadi.

Jambo la kwanza ni matokeo yako, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kama umekwenda kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ulitia sahihi mkataba wa masomo pamoja na chuo chako na chuo kilichokupokea. Muhula mzima kwa kawaida ni krediti 30 za Ulaya. Wengi wetu hubadilisha yuniti tukishafika, kwa sababu moja imegongana na nyingine kwenye ratiba au inafundishwa kwa Kijerumani kitupu. Mabadiliko hayo lazima yaandikwe kwenye mkataba, na pande zote tatu zitie sahihi tena. Ukirudi na yuniti ambayo haimo kwenye mkataba, mkuu wa idara nyumbani hana pa kuiweka, hata uwe umeipita vizuri namna gani.

Transkripti yenyewe pengine hutaibeba mkononi. Kanuni za Erasmus+ zinakipa chuo kilichokupokea wiki tano baada ya matokeo kutangazwa ili kiitume. Kwa hiyo muulize mratibu wa wanafunzi wageni waziwazi: itatumwa kwa nani, kwa anwani gani, na nani atashughulika yeye mwenyewe akiwa likizoni? Pata jina na barua pepe ya huyo mtu wa pili.

Halafu kuna suala la alama. Kule 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya kupita kwa shida, na 5.0 umeanguka. Karani wa mitihani nyumbani amezoea 70 kwenda juu kuwa A na 40 kuwa mstari wa kupita. Mpelekee karatasi yenye 1.7 bila maelezo, naye ataishika, aigeuze nyuma atafute asilimia, kisha akwambie urudi wiki ijayo. Omba ukurasa wa maelezo ya alama wenye nembo ya chuo, unaoonyesha kwamba 1.7 iko katika daraja la "vizuri", linaloanzia 1.6 hadi 2.5. Omba nakala mbili zenye muhuri. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko zawadi zote utakazonunua.

Kabla mhadhiri hajaondoka, mwombe barua ya mapendekezo. Sasa anakukumbuka wewe na swali ulilouliza darasani. Baada ya mwaka atakuwa amefundisha mamia wengine, na ndipo utakapoihitaji kwa shahada ya uzamili. Chukua pia cheti cha kuthibitisha kipindi ulichokaa, na kisitiwe sahihi mapema mno: tarehe ya mwisho inayoandikwa pale ndiyo inayohesabiwa kwenye pesa za ufadhili. Na hamisha kazi zako zote kutoka barua pepe ya chuo, maana akaunti hufungwa ukishaondolewa kwenye orodha ya wanafunzi.

Nyumba sasa. Kwanza soma mkataba wako ujue notisi ni ya muda gani. Kwa nyumba isiyo na tarehe ya mwisho, kawaida ni miezi mitatu, kwa hiyo huenda ukalazimika kuandika barua ya kuhama hata kabla hujazoea kitanda. Siku ya kukabidhi chumba, msimamizi huja na fomu. Wangu alipitisha kidole juu ya friji, akamulika ndani ya oveni kwa tochi, akahesabu funguo, akaandika hata tundu la msumari lililokuwa ukutani. Nilikuwa na picha za siku niliyoingia zikionyesha tundu hilo hilo, akalifuta kwenye fomu palepale. Pigeni picha siku ya kwanza, kila kona. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kuchukua depoziti ya hadi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji, na hiyo si pesa ya kuachia ukutani.

Depoziti hairudi siku hiyo, yaweza kuchukua miezi. Basi usikimbilie kufunga akaunti ya benki. Muulize mwenye nyumba kama atatuma Kenya. Akikataa, iache akaunti wazi mpaka pesa iingie.

Kisha nenda ofisi ya wakazi ujifute kwenye sajili. Wenyewe huita Abmeldung. Unaweza kufanya hivyo kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Ile karatasi utakayopewa ndiyo utakayotumia kusimamisha bima ya afya na ada ya redio na televisheni, ambayo ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Ada hiyo haikomi yenyewe eti kwa sababu umepanda ndege, lazima uwaandikie. Mkataba wa simu pia una notisi yake. Na tafuteni mtu wa kuaminika atakayepokea barua zenu, kwani za benki na bima huendelea kufika mkishaondoka. Kibali cha ukaazi kitazameni mapema: tiketi isipite tarehe yake hata kwa siku moja, msije mkaombwa maelezo katika kila viza ya baadaye.

Kuhusu mizigo na jamaa, semeni ukweli mapema. Binamu atataka simu, shangazi viatu, na mjomba ana oda ya spea. Waambieni mwezi mmoja kabla kwamba sanduku ni kilo 23 na pesa ni za masomo. Inauma kidogo, ila inauma zaidi kuwaona wakilingoja sanduku lifunguliwe. Koti zito mwenye kwao Molo au Timboroa abebe moja, litamfaa. Wa Kisumu alibebe la nini, na soko la Kibuye limejaa makoti? Weka kando nauli ya kutoka Nairobi, kwa kuwa tiketi ya ufadhili huenda ikaishia JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na ndege za ndani mara nyingi huruhusu kilo chache kuliko ulizoshuka nazo. Basi la usiku litabeba yote.

Duveti, sufuria, kikapu cha baiskeli na ile adapta ya plagi zetu za pini tatu, usitupe. Mwenzetu atakayefuata Oktoba atafika baridi ikianza, chumba kitupu, maduka yamefungwa Jumapili nzima. Tieni vyote kwenye boksi, andikeni jina lake, mkabidhi ofisi ya wanafunzi wageni au jirani, kisha mtumieni ujumbe angali nyumbani ajue asinunue.