Unapoenda msibani, usimsingizie Mungu

Nina ombi kwa kila anayekwenda kutoa pole, hasa sisi wa Arusha na Moshi ambao Jumamosi zetu nyingi huishia chini ya maturubai. Ile "kazi ya Mungu haina makosa" tuiache. Najua inatoka mdomoni yenyewe, na wengi wanaoisema wana nia njema kabisa. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri hapa Arusha. Nimezunguka misibani miaka mingi, na nimeona maneno hayo yanavyowafanya wafiwa baada ya viti kurudishwa na wageni kuondoka.

Mtoto wa mdogo wangu aligongwa na lori akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, barabara ya Moshi, maeneo ya Kikatiti. Dereva wa lori alikiri kwamba breki zilikuwa zinamsumbua na tajiri wake alimwambia amalizie safari kwanza. Siku tunamzika kijana kule Machame, wasemaji walipokezana kipaza sauti: siku yake ilikuwa imefika, Mungu amempenda zaidi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga imemfunika mpaka usoni. Akanivuta mkono. "Dada, kwa hiyo lile lori alilituma Mungu?"

Nikamwambia: "Hapana, mdogo wangu. Mungu hakulituma lile lori."

Nilijibu kwa sababu nilikuwa naamini hivyo tayari, ila kuamini moyoni ni jambo moja na kuweza kulitetea mbele ya mchungaji na wazee wenzako ni jambo jingine. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya yule ambaye naye ameulizwa swali kama hilo, au anajiuliza mwenyewe usiku na anaogopa kwamba kuuliza tu ni kukufuru.

Kwanza tuangalie maneno yale yanafanya nini. Ukisema kifo cha kijana yule kilikuwa kazi ya Mungu, basi tajiri mwenye lori hana kosa, kwa maana alikuwa chombo tu. Breki mbovu hazina kosa. Barabara isiyo na matuta mahali watoto wanapovukia haina kosa. Mzigo wote tunambebesha Mungu, kisha tunamwomba huyohuyo awafariji waliofiwa. Mimi sioni heshima yoyote kwa Mungu hapo.

Watu wa Arusha hatujasahau Mei 6, 2017. Basi lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi ya hapa mjini, waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa pamoja na wenzao, lilitumbukia korongoni Karatu. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Majeneza yaliagwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na mji mzima ulilia. Watoto watatu walitoka hai. Tulimshukuru Mungu kwa ajili ya hao watatu, na ilikuwa haki kushukuru. Lakini nilisikia watu wakisema, "Mungu alikuwa na kusudi na hawa watatu." Mzazi wa mmoja wa wale 32 akiwa amesimama karibu, amesikia nini? Kwamba kwa mwanawe Mungu hakuwa na kusudi? Tangu siku ile najiwekea kipimo: neno la faraja ambalo siwezi kulisema nikimtazama mama wa marehemu machoni, silisemi kwenye kipaza sauti.

Wapo Wakristo waliolifikiri jambo hili kwa kina, na kusoma habari zao kulinisaidia sana. Mwaka 1994 wanazuoni watano wa Marekani na Kanada, akiwemo Clark Pinnock aliyekuwa Mbaptisti na Richard Rice ambaye ni Msabato, walitoa kitabu kimoja kwa pamoja wakieleza kwamba wakati ujao haujaandikwa wote. Walisema Mungu ameumba viumbe walio huru kwelikweli, anahusiana nao kwelikweli, anaguswa na wanachofanya, na maombi yao yanamfikia na yanaleta tofauti. Baadaye wengi wamekuja kuuita mtazamo huu teolojia ya uwazi na uhusiano. Mwingine katika wale watano ni John Sanders, ambaye kaka yake alikufa katika ajali ya pikipiki. Aliandika kwamba kifo kile na maelezo aliyopewa na Wakristo wenzake ndivyo vilivyomwanzishia maswali. Niliposoma hapo nilimkumbuka mdogo wangu pale mkekani.

Watu hao hawakupokewa kwa vigelegele. Mwaka 2003 chama cha wanazuoni wa kiinjili cha Marekani kilipiga kura kuamua kama Pinnock na Sanders wafukuzwe. Wote wawili walibaki, lakini Sanders baadaye alipoteza kazi yake ya kufundisha chuoni. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba si jambo la mchezo. Wanaolipinga ni watu wanaompenda Mungu pia, na wana hoja.

Hoja yao kubwa ni hii: Mungu asiyeijua kesho yote ni Mungu mdogo. Namjibu mwenye hoja hiyo kwa mfano wa mlima tunaouona sote. Kiongozi mzoefu wa wageni Kilimanjaro anaijua njia, anajua kila kambi, anajua mwili wa mtu unavyoishiwa hewa kule juu. Hajui ni nani atakayekaidi agizo siku ya tatu. Umahiri wake unaonekana pale mtu anapokaidi na yeye bado ana la kufanya, naye hamwachi mtu njiani. Wanateolojia hawa wanasema Mungu anajua yote yanayojulikana, na anazijua kesho zote zinazowezekana. Lililobaki wazi limebaki wazi kwa sababu ndivyo alivyouumba ulimwengu. Kwangu Mungu huyo ni mkubwa.

Na Biblia? Isome bila haraka. Mwanzo 6:6 inasema Bwana alihuzunika moyo. Katika 2 Wafalme 20 Isaya anamwambia Hezekia kwamba atakufa. Hezekia anageukia ukutani, anaomba na kulia, na nabii hajatoka hata nje ya ua anarudishwa na neno jipya: miaka 15 zaidi. Yona anatangaza Ninawi itaangamizwa, watu wanatubu, na Mungu anaghairi. Yeremia 18 inasema wazi kwamba taifa likigeuka, na Mungu naye hughairi. Atakayekupinga atakufungulia 1 Samweli 15:29, isemayo kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Msomee naye mstari wa 11 na wa 35 wa sura hiyohiyo, halafu mkae mzungumze kwa heshima. Hakuna upande unaoweza kumaliza mjadala huu kwa mstari mmoja.

Sisi Walutheri tuna kazi ya ziada. Luther mwenyewe, mwaka 1525, alipomjibu Erasmus, msomi aliyetetea hiari ya mwanadamu, aliandika kwamba Mungu huyajua mambo yote na kuyatenda kwa mapenzi yake yasiyobadilika. Siwezi kumgeuza Luther awe upande wangu katika hilo. Lakini ni Luther yuleyule ambaye mwaka 1518, kule Heidelberg, alifundisha kwamba Mungu anajulikana msalabani na katika mateso, wala si kwa kuchungulia siri za enzi yake. Mimi msibani nakwenda na Luther wa 1518.

Bado lipo swali gumu: je, Mungu angeweza kulisimamisha lile lori? Hapa hata wenye mtazamo huu hawakubaliani. Pinnock na Sanders wanasema angeweza, lakini amejizuia mwenyewe kwa hiari ili uhuru wetu uwe wa kweli. Thomas Jay Oord, Mmarekani aliyeandika sana juu ya jambo hili, anakwenda mbali zaidi: kwa kuwa asili ya Mungu ni upendo, na upendo haulazimishi, Mungu hawezi kuzuia uovu peke yake bila ushirikiano wa viumbe. Nimeyapima yote mawili mbele ya watu waliofiwa, na naegemea kwa Oord. Jibu la kujizuia linamwacha mama na swali lilelile: kama angeweza, mbona hakufanya kwa mwanangu? Ninachokishikilia bila kutetereka ni kwamba Mungu hakutaka kijana yule afe, kwamba aliumia pamoja nasi, na kwamba kifo hakitakuwa na neno la mwisho.

Sasa ushauri wenyewe.

Ukifika msibani, fanya kazi. Shika sufuria, chota maji, menya ndizi, kaa na watoto wa marehemu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo huduma bora waliyompa. Walianza kuharibu walipofungua midomo kumweleza Mungu anafanya nini. "Pole sana" inatosha. "Niko hapa" inatosha. Yesu mwenyewe, aliyekuwa anakwenda kumfufua Lazaro, alilia machozi kwanza.

Mfiwa akisema mwenyewe "ni mapenzi ya Mungu", mwache. Hili nalisisitiza kwa wasomi wetu vijana ambao wakishasoma kitabu kimoja wanataka kusahihisha kila mtu. Kuna mama ambaye maneno hayo ndiyo yaliyomshika asianguke. Huna ruhusa ya kumnyang'anya mtu fimbo anayoiegemea kaburini kwa mwanawe. Ukiulizwa, ndipo ujibu, na ujibu kwa upole, ukijua kwamba jibu lako litarudiwa usiku ule kitandani.

Ukipewa kipaza sauti, taja ukweli. Kama mtu amekufa kwa ajali, sema ni ajali na useme inatuuma. Kama ni uzembe, si lazima umtaje mhusika mbele ya jeneza, lakini usimpe Mungu kosa la mtu. Na usitafute dhambi ya marehemu. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakati waumini wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wapo waliosema marehemu walikuwa na imani haba, wapo waliosema saa yao ilikuwa imefika. Luka 13 inatupa jibu la Yesu kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote? Akasema sivyo. Hakusema pia kwamba Baba yake ndiye aliyeusukuma mnara.

Kuhusu maombi, omba kwa bidii kuliko zamani. Watu hudhani ukiacha kuamini kwamba kila kitu kimepangwa, utaacha kuomba. Kwangu imekuwa kinyume. Kama yote yameandikwa, ombi langu ni la kutimiza ratiba. Kama kesho iko wazi, ombi langu ni sehemu ya mambo ambayo Mungu anafanya nayo kazi. Warumi 8:28 katika Biblia yetu inasema Mungu hufanya kazi "pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema". Pamoja nao. Kwa hiyo ukimwombea mgonjwa, mpeleke na hospitali. Ukimwombea mjane, ulizia na shamba lake linalimwa na nani, na kama shemeji zake wameanza kumsumbua kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo.

Kwa mchungaji wako usiende na kelele. Mimi wangu nilimwendea ofisini na Biblia, nikamuuliza anasomaje habari ya Hezekia. Tulizungumza muda mrefu. Hakukubaliana nami juu ya Mungu kuijua kesho, na mpaka leo hakubaliani. Lakini kwenye mahubiri ya mazishi siku hizi anasema, "Mungu analia nasi," na ile ya kwamba Mungu amechuma ua zuri bustanini mwake sijamsikia akiitumia tena. Mnaweza kumega mkate mmoja mkiwa na mawazo tofauti juu ya jambo hili.

Na kijana wako akiacha kuja kanisani baada ya msiba, usimtishe. Mara nyingi aliyemkimbia ni yule Mungu aliyetuma lori. Kaa naye, mweleze kwamba huyo wewe pia humwamini, na umsikilize amalize hasira yake yote. Ayubu alisema makali kuliko hayo, na mwisho wa kitabu Mungu anasema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa.

Mdogo wangu bado anaimba kwaya. Kesi ya lori iliendelea, kwa sababu shemeji yangu alikataa kuambiwa aachie Mungu. Alisema Mungu ndiye anayetaka haki itendeke. Jumuiya yetu nayo iliandika barua kuomba matuta pale wanafunzi wanapovukia. Tuliisoma kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, tukaiombea, kisha wazee wawili wakaipeleka serikali ya mtaa kesho yake asubuhi. Majibu hayajatoka, na barua ya kukumbushia tunaiandika Jumatano hii.